UZI: Bunge la Minnesota lilivyofungana 67–67, wakagomeana wiki tatu, na mwisho muswada mzito ukapita kwa kura ya mtu mmoja

Boksi wa Kaskazini (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna jamaa kasema humu kwamba siasa za Marekani zote ziko Washington, ukishamjua rais umemaliza. Nimeishi Minnesota miaka ya kutosha kumbishia. Vitu vinavyogusa mshahara wangu vinaamuliwa Saint Paul, mji mkuu wa jimbo, kwenye jumba la marumaru lenye farasi wa dhahabu juu ya paa. Saa za ugonjwa zenye malipo zimetoka pale. Watoto kula bure shuleni, asubuhi na mchana, kumetoka pale. Leseni ya udereva kwa asiye na makaratasi, pale. Hata fungu linaloendesha nyumba za kulelea watu wenye ulemavu, ambako nusu ya Wakenya ninaowafahamu wanapiga shifti, linapita pale hata kama sehemu ya hela yenyewe inatoka Washington.

Kwa hiyo nataka niwasimulie kikao cha 2025. Ni kirefu, vuteni viti.

Kwanza ramani. Minnesota ina mabunge mawili kama majimbo karibu yote ya Marekani: Seneti yenye watu 67 na Baraza la Wawakilishi lenye watu 134. Jumla 201. Kila eneo la seneta linagawanywa mara mbili, A na B, ndiyo maana mtaa wako unaweza kuwa 38A na wa jirani 38B. Mshahara wa mbunge ni dola 51,750 kwa mwaka, na wengi wana kazi nyingine: mawakili, wakulima, walimu. Msiwafananishe na waheshimiwa wetu wa Dodoma.

Vyama viwili. Warepublikan mnawajua. Democrats wa hapa wanaitwa DFL, jina lililobaki tangu walipoungana na chama cha wakulima na wafanyakazi mwaka 1944.

Sasa, 2023 DFL walikuwa na kila kitu. Gavana Tim Walz ni wao, Baraza 70 kwa 64, Seneti 34 kwa 33. Na kulikuwa na ziada ya dola bilioni 17.5 kwenye hazina. Wakapitisha mambo kama vile hakuna kesho: chakula cha shule, leseni kwa wote, bangi, likizo ya uzazi na ugonjwa yenye malipo, haki ya kupiga kura kwa waliotoka jela. Na wingi wao Seneti ulikuwa wa kiti kimoja tu.

Novemba 2024 wapiga kura wakaamua vingine. Baraza likatoka 67 kwa 67. Sare kamili. Naendelea chini.

Mpemba wa Mjini

Natia nanga hapa. Kahawa na kashata tayari. Mkuu usije ukatuacha njiani kama wale wenzako wa "itaendelea".

Kisirani

Sare? Si Spika anapiga kura ya turufu, kazi imeisha? Mbona wazungu wanapenda kujitesa.

Boksi wa Kaskazini

@Kisirani hapo ndipo penyewe. Kwanza, Spika anachaguliwa na Baraza lenyewe, sasa kwenye sare nani anampata? Pili, hata akipatikana hana kura ya turufu. Spika ni mbunge kama wengine, kura yake ni moja. Na katiba ya Minnesota haisemi "wengi wa waliopiga kura". Inasema wengi wa wabunge wote waliochaguliwa. Kwenye viti 134 hiyo ni 68. Ukipata 67 kwa 60, muswada umekufa. Makamu wa gavana naye hana kura Seneti, si kama makamu wa rais kule Washington.

Kwa hiyo ishike hii namba 68.

Iliwahi kutokea mara moja, mwaka 1979, sare hii hii ya 67–67. Wakati ule walikaa wakagawana: Mrepublikan Rod Searle akawa Spika, DFL wakachukua kamati nzito za fedha. Kwa hiyo baada ya uchaguzi wa 2024 watu wakasema haya, tufanye kama wazee. Kiongozi wa DFL alikuwa Melissa Hortman, Spika tangu 2019. Wa Republikan alikuwa Lisa Demuth. Wakaanza mazungumzo ya kugawana uenyekiti wa kamati nusu kwa nusu.

Halafu ikatokea kesi. Mbunge mteule wa DFL wa 40B, kule Roseville na Shoreview, Curtis Johnson, alishinda kwa kura nyingi tu. Mpinzani wake akaenda mahakamani akidai huyu jamaa haishi kwenye eneo hili. Desemba jaji akakubali: hakutimiza sharti la ukaazi. Johnson akakiacha kiti kabla hajaapishwa.

Sare ikavunjika. 67 kwa 66.

Karani Mstaafu

Kesi ya ukaazi! Huku kwetu wangekuwa na nyumba tatu kwenye karatasi na hati zote zina mihuri.

Boksi wa Kaskazini

@Karani Mstaafu na haikuwa kesi pekee. Kule 54A, Scott County, Brad Tabke wa DFL alishinda kwa kura 14. Ikagundulika karatasi za kura 20 za waliopiga mapema zimepotea na hazikuhesabiwa, inaaminika zilitupwa na takataka. Kura 14, karatasi 20. Hebu fikiria ingekuwa kwetu. Wapiga kura kadhaa wa kundi lile waliitwa mahakamani, wakaeleza kwa kiapo walimchagua nani. Jaji akasema hata kwa hesabu hiyo Tabke amebaki mshindi. Lakini katiba inaliachia Baraza lenyewe kuamua nani akae, na Warepublikan wakawa hawataki kuahidi kwamba watamkubali.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya DFL. Uchaguzi mdogo wa 40B haujafanyika, na ile ni ngome yao, kila mtu anajua watarudi 67. Lakini Januari 14 kikao kinafunguliwa wakiwa 66. Wakiingia tu ukumbini, wenzao 67 watachagua Spika wa miaka miwili mizima, watachukua kamati zote, na wanaweza kumtoa Tabke.

Wakaamua hawaingii.

Akidi, mkuu. Akidi ndiyo silaha. Bila watu 68 ukumbini Baraza halipo kisheria.

Mwanasheria Kivuli

Niongeze kidogo kwa wanaofuata kutoka nyumbani. Kenya mbinu hii isingefika popote, ibara ya 121 inasema akidi ya Bunge la Taifa ni wabunge 50 na Seneti 15. Wagome wapinzani wote, serikali inaendelea na chai. Tanzania ibara ya 94 inataka nusu ya wabunge wote, lakini kwa idadi ya wapinzani tuliyonayo hata wakihama nchi akidi inatimia.

Boksi wa Kaskazini

@Mwanasheria Kivuli ahsante, hiyo ndiyo tofauti. Kwetu kususia kikao ni kupiga kelele tu. Kwenye sare ni kuzima umeme.

Januari 12, Jumapili usiku, WaDFL walikwenda kimyakimya kwenye jengo la kumbukumbu za historia ya jimbo, wakaapishwa na jaji, wakaondoka. Kwa kuwa wameshaapa hakuna wa kuwaambia si wabunge. Januari 14 ukumbi ulikuwa na Warepublikan 67 upande mmoja na viti vitupu upande wa pili. Kisheria anayefungua kikao cha kwanza ni Katibu wa Jimbo, Steve Simon, ambaye ni DFL. Akaita majina, akahesabu 67, akasema akidi haijatimia, akagonga nyundo, akaondoka.

Warepublikan hawakuondoka. Walibaki, wakasema hesabu yako ni ya uongo: kiti kimoja kiko wazi, wabunge waliopo ni 133, wengi wa 133 ni 67, tumetimia. Wakamchagua Demuth kuwa Spika, wakaunda kamati, wakaanza kusikiliza miswada.

Jimbo likawa na Spika ambaye nusu ya Baraza haimtambui.

Mahakama ya Juu ya Minnesota ikaingilia. Januari 24 ikaamua: akidi ni 68, viti vinahesabiwa 134 hata kama kimoja kiko wazi. Yote yaliyofanyika ukumbini tangu tarehe 14 yakawa batili. Ila msidhani mahakama ilikuwa ya upande mmoja. Wiki moja kabla ilikuwa imempiga Walz: aliitisha uchaguzi mdogo wa 40B ufanyike Januari 28, mahakama ikasema umeitisha mapema kuliko sheria inavyoruhusu, futa. Ukasogezwa hadi Machi 11.

Hivyo kila siku Simon anapanda, anaita majina, 67, anashuka. Warepublikan wakaanza kukusanya saini za kuwaondoa wabunge wa DFL kwa kutofanya kazi.

Duka la Kona

Naomba niseme kitu kabla hujaendelea kuwapamba. Mimi ni mfanyabiashara hapa Twin Cities, yaani Minneapolis na Saint Paul, nina wafanyakazi wachache. Wale watu wa DFL walilipwa mshahara wakati hawaendi kazini. Mfanyakazi wangu asipokuja wiki tatu bila ruhusa, harudi. Hilo usilipite haraka haraka.

Boksi wa Kaskazini

@Duka la Kona silipiti. Nawajua hata wapiga kura wa DFL waliokasirika. Mimi nasema tu walikuwa na hesabu yao na ilifanya kazi.

Mama Wawili MN

Na dada yetu Huldah alikuwemo humo humo. Huldah Momanyi-Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa Novemba 2024 kwa kiti cha 38A, Brooklyn Park. Mkenya wa kwanza kwenye Bunge la Minnesota. Wakisii walisherehekea mpaka majirani wakashangaa. Halafu siku ya kwanza ya kazi, kazi yenyewe ni kutokwenda kazini 😂

Mpemba wa Mjini

😂😂 Bi. mdogo kaanza na likizo.

Boksi wa Kaskazini

Haya, sehemu ya makubaliano. Februari 5 usiku wakafikiana, Februari 6 WaDFL wakaingia ukumbini. Demuth anakuwa Spika kwa miaka yote miwili, hata sare ikirudi. Tabke anabaki na kiti chake. Kamati zitakuwa na wenyeviti wawili, mmoja kila chama, mara sare itakaporudi, isipokuwa kamati mpya ya kufuatilia ubadhirifu serikalini, hiyo Warepublikan wanabaki na wingi. Machi 11 David Gottfried wa DFL akashinda 40B kwa asilimia kama 70. Sare ikarudi.

Hiyo kamati ya ubadhirifu haikuja hivi hivi. Minnesota ilikuwa na kashfa ya Feeding Our Future, mpango wa chakula cha watoto wakati wa korona, waendesha mashtaka wa serikali kuu wanasema dola milioni 250 ziliyeyuka. Machi hiyo hiyo, kikao kikiwa kinaendelea, mwanzilishi wa shirika hilo Aimee Bock alikutwa na hatia. Kwa hiyo kila aliyesimama kuomba fedha za huduma za jamii alikuwa anaulizwa swali hilo kwanza. Wenye kampuni ndogo za kuhudumia wazee na walemavu, wengi wao watu wa kwetu, walilijua hilo vizuri.

Wenyeviti wawili maana yake nini kivitendo? Wanapokezana nyundo. Na muswada hautoki kwenye kamati bila angalau mtu mmoja wa upande wa pili kuukubali. Maelfu ya miswada iliwasilishwa. Mingi ilifia hapo hapo, ya pande zote mbili. Warepublikan walitaka kuahirisha ile likizo yenye malipo isianze Januari 2026, hawakupata 68. DFL walitaka mambo ya bunduki, hawakupata 68.

Lakini kuna muswada ambao hauwezi kufa. Bajeti.

Kisirani

Hapo sasa. Weka mambo ya hela.

Boksi wa Kaskazini

Hela ni hivi. Bajeti ya Minnesota ni ya miaka miwili, inaanza Julai 1 ya mwaka usiogawanyika kwa mbili. Kabla ya hapo ofisi ya fedha ya jimbo inatoa makadirio mara mbili, mwanzo wa baridi na mwisho wa baridi. Machi 6, 2025 makadirio yakasema: ziada ya miaka miwili ijayo ni dola milioni 456 tu. Miaka miwili inayofuata hiyo, upungufu wa kama bilioni 6. Kutoka ziada ya bilioni 17.5 hadi hapo ndani ya miaka miwili. Moja ya vitu vilivyokuwa vinapanda kwa kasi ni huduma za walemavu, hizo hizo nyumba za kulelea nilizozitaja.

Kila mtu akawa na orodha yake ya kukata. Ya kwanza kwa Warepublikan ilikuwa MinnesotaCare.

MinnesotaCare ni bima ya afya ya jimbo kwa watu wa kipato cha chini ambao hawaangukii Medicaid, ile bima ya serikali ya watu maskini. Ile 2023 DFL waliifungua hata kwa wasio na makaratasi, ikaanza Januari 1, 2025. Walioingia walizidi makadirio ya mwanzo. Ndani ya miezi michache walikuwa zaidi ya 20,000, watoto wakiwemo. Warepublikan wakasema hatupigi kura ya bajeti yoyote mpaka hii itoke.

Katiba inawataka wafunge Jumatatu inayofuata Jumamosi ya tatu ya Mei. Mwaka huo ilikuwa Mei 19. Mei 15 viongozi wanne, Walz, Hortman, Demuth na kiongozi wa Seneti Erin Murphy wa DFL, wakatoka kutangaza makubaliano. Watu wazima wasio na makaratasi watatolewa kwenye bima ifikapo mwisho wa mwaka. Watoto watabaki.

Wakati wanaongea na waandishi kwenye chumba cha gavana, nje wabunge wa DFL wenyewe, weusi, Walatino, Waasia na wenyeji asilia, walikuwa wanagonga mlango kwa ngumi na kupaza sauti. Mlango ulifungwa. Mlioona ile video mnajua.

Mei 19 ikafika saa sita usiku, bajeti nyingi haijapita.

Bukavu–Iowa

Kaka, mimi niko Iowa, hapa jirani. Hii ya kufunga mlango ndiyo naona hata huku. Kamati inakaa, watu wanakuja kutoa ushahidi, wanalia, halafu kitu kinaandikwa kwingine kabisa. Sasa zile kamati za nini?

Boksi wa Kaskazini

@Bukavu–Iowa swali zuri, na jibu langu si la kufurahisha. Kamati ndiyo mahali pa kuua kitu au kukirekebisha mapema. Kuna akina mama wa huduma za nyumbani walikwenda wakaeleza jinsi kifungu fulani kingewaumiza, kikabadilishwa. Nimeona kwa macho. Mtu yeyote anajiandikisha, anapewa dakika mbili tatu, hata kwa mtandao. Lakini namba kubwa, ile ya "afya ikate kiasi gani, elimu ikate kiasi gani", inatoka kwa viongozi, na kamati zinapewa tu chungu na kuambiwa pikeni humu humu.

Na 2024, chini ya DFL watupu, haikuwa bora. Usiku wa mwisho walishona miswada tisa ikawa mmoja wa kurasa zaidi ya 1,400, wakaupitisha dakika za mwisho wenzao wakipiga kelele ukumbini. Katiba ya Minnesota inasema sheria moja jambo moja. Mwaka 2025 jaji alikifuta kifungu kimoja cha bunduki kilichokuwa humo kwa sababu hiyo hiyo.

Basi baada ya Mei 19 ilibidi kikao maalumu. Gavana peke yake ndiye anayeweza kukiita, ila akishawaita hana uwezo wa kuwaambia wajadili nini wala waondoke lini. Ndiyo maana viongozi wanatia saini kwanza kila kitu, nani atapiga kura gani, ndipo gavana anaita. Wiki tatu za mazungumzo ya faragha, barua za tahadhari ya kusimamishwa kazi zikaanza kwenda kwa wafanyakazi wa jimbo. Watu walikumbuka 2011, serikali ya jimbo ilipofungwa siku 20 mwezi Julai.

Juni 9 wakaitwa. Siku moja, miswada 14, bajeti ya takriban dola bilioni 66.

Muswada wa MinnesotaCare ulikwenda peke yake. Seneti 37 kwa 30, WaDFL wanne wakaunga mkono akiwemo Murphy, kwa kuwa alikuwa ametia saini. Baraza: Warepublikan 67 ndiyo. WaDFL wengine wote waliokuwemo, hapana. Inahitajika 68.

Hortman akabonyeza ndiyo. 68 kwa 65.

Mtu mmoja. Baadaye alisimama mbele ya waandishi akiwa anatokwa na machozi, akasema anajua kura ile itaumiza watu, na kwamba walipambana sana kupata bajeti isiyo na kitu hicho. Wala hakumlaumu mwenzake yeyote. Angeweza kumtuma mbunge wa pembeni asiye na jina akabebe aibu. Alibeba mwenyewe.

Duka la Kona

Na hapa sasa nikupinge vizuri. Unaisimulia kama msiba. Jimbo lina upungufu wa bilioni 6 mbele, wewe unafungua bima kwa kila anayekuja, bila kujua watakuwa wangapi. Mimi nalipa bima ya wafanyakazi wangu, nalipa saa za ugonjwa, saa moja kwa kila 30 hadi 48 kwa mwaka, na Januari 2026 naongeza mchango wa likizo asilimia 0.88 ninaogawana na mfanyakazi. Kila kitu kizuri mnachopitisha kinatua kwenye daftari la mtu. Warepublikan walisema kitu kimoja tu: huu mmoja punguzeni. Hata watoto waliwaacha.

Mama Wawili MN

@Duka la Kona wale watu wazima ndio wanaoosha vyombo kwenye mahoteli unakokula. Wanalipa kodi ya mauzo kama wewe. Mgonjwa wa sukari asiye na bima haponi, anahamia chumba cha dharura, na bili ile analipa nani? Wewe huyo huyo.

Duka la Kona

Labda. Lakini lete hesabu, usilete huruma.

Mwanasheria Kivuli

Mnabishana sera, mimi narudi kwenye mchezo. Mwanzisha uzi, huoni kwamba DFL walipigwa na silaha yao wenyewe? Januari walisema bila sisi hamfikii 68. Juni Warepublikan wakasema bila sisi bajeti haifiki 68. Ni kitu kile kile.

Boksi wa Kaskazini

@Mwanasheria Kivuli karibu ni kile kile, na hapo ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo. Tofauti ni kalenda. Januari hakuna kilichokuwa kinafungwa. DFL wangeweza kukaa nje hata hadi Machi, hospitali zinaendelea, barabara zinafagiliwa theluji. Juni kuna Julai 1 mbele, na ukifika bila bajeti ofisi zinafungwa. Sasa nani anaumia zaidi ofisi zikifungwa? Chama ambacho wapiga kura wake ni wafanyakazi wa serikali na watu wanaoishi kwa huduma za serikali. Demuth aliweza kusubiri, Hortman hakuweza. Kwenye sare nguvu anayo yule anayeiogopa tarehe kidogo kuliko mwenzake. Hizo kura zinafuata baadaye.

Ndiyo maana nasema kura ya Hortman haikuwa ya kubadili msimamo. Alikuwa analipa bei ya kitu alichokwisha kununua: chakula cha shule kilibaki, likizo yenye malipo haikuguswa, watoto hawakutolewa kwenye bima. Unaweza kusema bei ilikuwa kubwa mno. Wabunge wenzake walisema hivyo, na sidhani walikosea.

Kisirani

Kwa hiyo ni handisheki tu, ya Kiminnesota. Mnasaini gizani, mnalia mchana.

Mpemba wa Mjini

Mkuu, huyo mama si ndiye aliyeuawa?

Boksi wa Kaskazini

Ndiye. Juni 14, siku tano baada ya kura ile. Yeye na mumewe Mark walipigwa risasi nyumbani kwao Brooklyn Park, usiku, na mtu aliyevaa kama polisi. Kabla ya hapo seneta John Hoffman na mkewe Yvette walipigwa risasi nyumbani kwao Champlin, wao walinusurika. Hoffman alikuwa mwenyekiti wa kamati ya Seneti ya huduma za jamii, yaani fungu la walemavu na wazee lilipita mikononi mwake. Wafanyakazi wengi wa nyumba za kulelea wanamjua kwa sura.

Kuna watu walianza kusambaza kwamba Hortman aliuawa kwa sababu ya kura ya MinnesotaCare. Msisambaze hiyo humu. Mashtaka yanaeleza mtu aliyekuwa na orodha ndefu ya majina, wengi wao wa DFL. Kesi ilikwenda mahakamani, tuiache huko.

Mama Wawili MN

Brooklyn Park ndiko tunakoishi. Asubuhi ile simu zililia tubaki ndani, tusifungue mlango hata kwa polisi akiwa peke yake. Waliberia, Wakenya, Wahmong, mtaa mzima umejifungia. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Karani Mstaafu

Poleni sana. Na kiti chake?

Boksi wa Kaskazini

Uchaguzi mdogo Septemba 16, 2025, Xp Lee wa DFL akashinda. Sare ikarudi, 67–67. Kikao kilichofuata kilipangwa Februari 2026. Mwaka huo bajeti kuu haipo, ni mwaka wa mikopo ya ujenzi, na huo unadai theluthi tatu za tano: kura 81 Barazani, 41 Seneti. Kwa hiyo hata mwenye wingi lazima abembeleze. Kwenye kile kikao maalumu cha Juni walipitisha mikopo ya dola milioni 700, baada ya 2024 kutoka mikono mitupu.

Duka la Kona

Tatu ya tano, si "theluthi tatu za tano". Hesabu, ndugu yangu, hesabu.

Boksi wa Kaskazini

😂 Tatu ya tano, bosi.

Bukavu–Iowa

Kaka nina swali la mwisho. Mtu ambaye si raia anaruhusiwa kwenda kusema kwenye kamati? Au watamuuliza makaratasi?

Boksi wa Kaskazini

@Bukavu–Iowa kwa Minnesota, kutoa ushahidi hakudai uraia. Unaandika jina, mji unaotoka na muswada unaouzungumzia. Unaweza pia kutuma maandishi bila kufika. Ila kumbuka inarekodiwa na inakaa mtandaoni, kwa hiyo mtu ambaye hali yake si nzuri namshauri aongee na mwanasheria kwanza, hasa siku hizi. Mwingine anaweza kumsomea. Kwa Iowa sijui wanavyofanya, angalia tovuti ya Bunge lenu.

Jirani wa Maine

Wakuu nimechelewa. Niko Portland, Maine, huku Wakongo na Warundi tuko wengi na Kiswahili ndicho kinatuunganisha dukani. Huku gavana na Bunge wote ni chama kimoja na bado wanakwama. Nifungue uzi?

Boksi wa Kaskazini

Fungua mkuu, weka kiungo hapa. Ukianza na jinsi msaada wa manispaa kwa waomba hifadhi unavyolipwa huko, utapata wasomaji wengi.

Mpemba wa Mjini

Nahamia huko na kashata zangu.